Milo ya Watu Ishirini na Sita

Baba mkwe wangu, Lindsay Haddrick, hajui kupika chakula cha watu wawili. Nasema hivi kwa heshima zote. Ni mtu mwenye akili timamu, anaendesha pikapu, fomu zake za kodi anajaza mwenyewe. Lakini mwambie apike chakula cha watu wawili, uone.

Kwa miaka arobaini na moja alikuwa mpishi wa wanyoaji kondoo. Alihama banda hadi banda, magharibi yote ya jimbo letu la New South Wales, akilisha watu ishirini na tano hadi thelathini, mara tano kwa siku, wote wamechoka na wote wana maoni. Kifungua kinywa, chai ya saa tatu na nusu, chakula cha mchana, chai ya saa tisa, chakula cha jioni. Mapishi yake yote yako kichwani, na yote huanza kwa maneno yale yale: chukua kondoo.

Katika mabanda yale mpishi hakuwa akiteuliwa na bosi. Alichaguliwa. Wanyoaji walikula chakula chake siku ya kwanza, kisha wakapiga kura kwa vipande vya karatasi, ndiyo au hapana. Lindsay alisafiri na kopo lake mwenyewe la kura, la maziwa ya unga, lenye tundu kwenye kifuniko. Alikataliwa mara moja tu, mwaka 1988, kwa sababu ya boga. Ukilitaja boga mbele yake anatoka chumbani.

Mimi nafundisha historia katika sekondari ya mji wetu, Kurrabin, na niliposikia habari za kura hizo mara ya kwanza nilikaribia kulia. Hebu fikiria. Humchagui bosi wako. Humchagui mwenye nyumba wako. Humchagui yule bwana, sijui yuko ofisi gani, aliyeamua kwamba mji wetu hauhitaji wodi ya wazazi, kwa hiyo wake zetu wanaendeshwa saa moja na nusu barabarani wakiwa na uchungu. Na katika nchi hiyo hiyo kulikuwa na watu walioshikilia haki ya kumpigia kura anayewachemshia viazi. Nilimwambia mke wangu, Tegan, kwamba baba yake ni mabaki ya demokrasia ya kweli.

"Muulize habari za siku niliyozaliwa," akasema.

Nilimuuliza. Ilikuwa mwaka 1994, naye yuko kwenye ranchi umbali wa kilomita mia sita. Simu ikaja kwamba mkewe, Glenys, amepelekwa hospitali. Lindsay akavua aproni, akawaambia wanyoaji anahitaji siku chache aende nyumbani. Mmoja wao akasema jambo zito kama hilo lazima lipigiwe kura. Wakapiga. Kumi na saba kwa tisa, abaki.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Walikuwa wameshaonja pudingi," akasema Lindsay.

"Na wewe ukabaki?"

"Kura ni kura, kijana."

Alifika nyumbani siku ya kumi na tisa, na nusu ya kondoo begani, imeganda kama ubao, zawadi kwa mzazi. Hawakuwa na friza. Glenys, ambaye sasa ni marehemu, aliisimulia hadithi hiyo kila Krismasi mpaka alipofariki, na kila mara alicheka isipokuwa mwishoni.

Kwa hiyo mimba ya Tegan ilipotimiza miezi minane, na Lindsay akapiga simu kusema anataka kutupikia milo ya kugandisha, ili mtoto akija tusihangaike na jiko, Tegan alihamisha simu kutoka sikio hili hadi lile. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikafunga bomba nisikie.

"Sawa, baba," akasema mwishowe. "Lakini vitu vichache."

"Vichache," Lindsay akakubali.

Friza ilikuja Jumanne juu ya pikapu, pamoja na wanaume wanne. Ilikuwa ya lita mia saba, imetoka kwenye banda lililofungwa, na Lindsay alituambia kwa fahari kwamba inameza kondoo kumi na mmoja bila kuwakunja. Haikupita mlango wa jikoni. Haikupita ukumbini. Mahali pekee ilipoweza kukaa ni chumba cha mtoto, tena kupitia dirishani, baada ya kung'oa fremu. Kitanda cha mtoto, nilichokiunga kwa wikendi mbili na matusi mengi, kikahamishiwa kwenye korido. Ukitaka kwenda chooni unapita kwa ubavu ukiwa umevuta tumbo ndani, jambo ambalo mtu mmoja nyumbani hakuweza kulifanya kabisa.

"Ni ya muda tu," akasema Lindsay.

"Muda gani?" akauliza Tegan.

"Mpaka mtoto aanze shule."

Kisha akatoa lile kopo la maziwa, akaliweka juu ya meza. Akauliza nani atasimamia uchaguzi.

"Uchaguzi gani tena?"

"Wa kunichagua mimi. Siwezi kupika nyumba ambayo haijanichagua."

"Baba, pika tu."

Uso wake ulinisikitisha. Ni kama umemwambia daktari apasue tu, vyeti tutaangalia baadaye. Tukakubaliana apike kwa majaribio, kura ingepigwa mwisho wa juma.

Jumatano nilimwomba apunguze kipimo. Nilimweleza vizuri: watu wawili, wiki chache. Akasema atajaribu. Akachukua kitunguu kimoja, akakiweka kwenye ubao, akakitazama kwa dakika kama kumi.

"Kinakwenda wapi?" akauliza.

"Kwenye sufuria."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Akakikata. Akakitia kwenye sufuria yake, ambayo ungeweza kuogeshea ndama, akainama kuchungulia. "Kimepotea," akasema. Akavuta kiti akakaa, akaomba maji. Baada ya hapo sikumsumbua tena. Alichukua kondoo, akapika.

Alipika nyama ya chumvi, kababu, soseji za bizari, supu ya shayiri na pudingi ya mkate yenye kastadi. Makopo ya kutilia aliyapata mjini. Kurrabin hakuna mtu anayetupa kopo la aiskrimu, na Lindsay aligonga kila mlango mpaka stoo za watu zikabaki tupu. Ijumaa jioni kulikuwa na makopo mia tatu na tisini ndani ya friza, yamepangwa kama matofali, kila moja lina karatasi iliyobandikwa na mwandiko wake wa herufi kubwa.

Jumamosi asubuhi Tegan alifunua friza achague cha mchana. Nikasikia ananiita, kisha anamwita baba yake, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Dodger Pike. Zamu ya pili. Bila karoti," akasoma. Akachukua jingine. "Wally Nunn. Rojo zaidi. Snow Quilty. Asipewe kitunguu, hatalala. Pieter. Hali nyama, tusimcheke." Akageuka. "Hawa ni akina nani, baba?"

"Timu ya bandani," akasema Lindsay. "Watu ishirini na sita, milo mitano, siku tatu. Siwezi kupika bila kujua nampikia nani. Mkono hauendi."

"Dodger Pike yuko wapi siku hizi?"

"Ana duka la matairi."

"Kwa hiyo mimi nitakaa hapa na chuchu zinawaka moto, nakula chakula cha Dodger Pike asiyekula karoti."

"Karoti unaweza kuongeza."

"Langu liko wapi?"

Lindsay akainama ndani ya friza. Akatoa makopo ya juu, akatoa ya kati, akayaweka sakafuni, akazidi kuinama mpaka miguu ikakaribia kuacha ardhi. Alitafuta kweli. Sisi wawili tulijua halipo, na nadhani yeye pia alijua, lakini mikono yake iliendelea. Alipoinuka vidole vilikuwa vyekundu kwa baridi.

"Wewe unakula nini?" akauliza.

Ana miaka thelathini, binti yake wa pekee. Tegan akafunga kifuniko cha friza taratibu.

"Mwite Colleen," akaniambia. "Baba alitaka kura. Tupige kura."

Colleen Bugg anaishi ng'ambo ya barabara. Ana miaka sabini na mmoja, ni mmoja wa wanawake wa kwanza kunyoa kondoo wilaya hii, na kwa miaka ishirini alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mabandani. Alikuja na kandambili na penseli nyuma ya sikio. Akalikagua kopo, akalipindua, akalitikisa.

"Kabla hatujaanza," akasema, "natangaza maslahi yangu. Mwaka tisini na nne nilikuwepo. Nilikuwa kati ya wale kumi na saba."

"Colleen," akasema Tegan.

"Nilikuwa na njaa, binti yangu. Na ile pudingi hujaionja."

Mgombea akatolewa nje ya chumba cha kupigia kura, yaani jikoni, akasimama kwenye korido nyuma ya kitanda cha mtoto. Colleen akasoma kanuni: kila atakayekula ana kura moja.

"Mtoto naye atakula," Lindsay akasema kutoka korido.

"Mgombea anyamaze."

"Lakini ni kweli," akasema Tegan. "Anakula kupitia kwangu. Basi mimi nina kura mbili."

"Hapana," nikasema.

Wote wakanigeukia. Sikukusudia ugomvi, lakini kuna mambo mtu hawezi kuyanyamazia. Nikaeleza kwamba kila dhuluma ya historia ilianza hivyo hivyo, mtu mmoja akidai kubeba kura ya mwingine. Wanaume walidai kuwapigia kura wake zao. Matajiri walidai kuwasemea vibarua wao. Sikuzote husemwa yule mwingine anazungumza kupitia kwangu. Nilizungumza vizuri, labda kwa dakika kumi na moja. Katikati Colleen aliketi.

"Callum," akasema mke wangu. "Nina mtu wa kilo tatu amekalia kibofu changu. Anachotaka nakijua."

"Kura ni ya siri."

Colleen akaamua kwamba ambaye hajazaliwa hajaandikishwa. Kura mbili basi, yangu na ya Tegan. Tukaandika tukiwa tumepeana migongo.

Mimi niliandika hapana. Nilikuwa nimeuona uso wa Tegan mbele ya friza, na nikajiambia hii ninampigia yeye. Ndiyo, baada ya hotuba ile. Hotuba yenyewe haikuwa hata imepoa.

Colleen akafungua kopo. Akazihesabu zile karatasi mbili, akazihesabu tena.

"Ndiyo, moja," akasema. "Hapana, moja."

Ilinichukua muda kuelewa. Nikamtazama Tegan. Yeye alikuwa ameshaanza kunitazama.

"Wewe," akasema.

"Nilidhani wewe ndiye..."

"Ulidhani."

"Kura zikilingana mpishi anafungasha," akasema Colleen. "Kanuni sikuitunga mimi."

Lindsay akapita kwa ubavu kutoka korido. Akamshukuru msimamizi wa uchaguzi kwa kumpa mkono, akanishukuru na mimi, akaanza kuviringisha visu vyake kwenye taulo. Hakukasirika hata kidogo. Hilo ndilo lililonichoma. Ningetaka apige meza. Ningetaka mwaka 1994 awe alipiga meza, akawaambia wale kumi na saba wale mawe, akaingia garini akaenda kumwona mwanawe. Nilikuwa nimempenda mtu huyu kwa sababu ya utii wake kwa kopo la maziwa, na sasa nilikuwa namtazama anavyotii.

"Baba, acha visu," akasema Tegan.

"Kura ni kura."

"Nimesema acha..."

Akashika meza. Maji yakatapakaa sakafuni, yakaenda mpaka kwenye miguu ya meza. Wote wanne tukayatazama.

"Friza inayeyuka," akasema Lindsay, akatupa taulo akakimbilia chumba cha mtoto.

"Siyo friza, baba," akasema Tegan.

Ilikuwa saa nane mchana. Nikaleta gari mbele, nikasahau begi, nikarudi, nikalikuta korido chini ya kitanda cha mtoto, nikanasa hapo nikalazimika kuvuliwa kiatu. Nilipotoka Tegan alikuwa amesimama kaegemea gari, mikono juu ya paa, anahema. Lindsay alikuwa amesimama kizingitini na visu vyake kwapani.

"Panda," Tegan akamwambia.

"Sijachaguliwa, mwanangu."

"Naomba uchaguzi urudiwe," nikasema.

"Kwa msingi gani?" akauliza Colleen.

"Mpiga kura mmoja alikuwa mjinga."

"Huo siyo msingi. Tungerudia kila uchaguzi nchi hii."

Tegan akaanza kupumua kwa nguvu, akasubiri uchungu upite, kisha akazungumza akiwa bado ameinamia paa la gari. "Hoja nyingine. Haihusu mpishi. Hoja ni kwamba Lindsay Haddrick aende hospitali na binti yake. Mikono juu."

Akainua wake. Nikainua wangu. Colleen, ambaye hakuwa na haki yoyote ya kupiga kura hapo, akainua wake pia.

"Hii ni ile ya tisini na nne," akasema. "Naibadilisha. Imepita."

Lindsay akapanda nyuma. Visu alivipakata njia nzima, na mapokezi ya hospitali wakataka maelezo marefu.

"Ni mpishi," nikasema.

"Ni baba yangu," akasema Tegan kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Hapo wakampisha.

Lindsay alisimama nje ya mlango kwa muda wa karibu saa tatu. Alipewa kiti, hakukikalia. Binti yetu alizaliwa saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, tukamwita Wren, na mkunga alipomwita Lindsay aliingia na kofia mkononi, akamtazama mtoto mwenye umri wa dakika kumi na tano. Sidhani kama alijua watu huwa wadogo kiasi hicho. Kisha akamgeukia Tegan na swali lile lile la asubuhi.

"Unakula nini?"

Tegan akafikiri. "Yai la kuchemsha. Kiini kisikauke. Na mkate wa kuoka umekatwa vijiti vya kuchovya. Mama alikuwa ananipa nikiumwa."

"Mayai mangapi?"

"Moja."

"Moja," akasema Lindsay. Akatoa kalamu yake ya kuandikia makopo, akaandika kwenye kiganja.

Wodini kulikuwa na jiko dogo la wageni. Alipotea huko dakika arobaini. Nilipokwenda kuona kama yuko salama, nilimkuta ameinamia kisufuria, saa mkononi, analitazama yai moja kama polisi anayelinda mshukiwa. Kando yake mayai matano yaliyokauka viini yalikuwa yamepangwa kwenye sahani.

"Usinisemeshe," akasema.

La sita ndilo alilolipeleka. Tegan alilikata kichwa, kiini kikateremka juu ya ganda. Alichovya kijiti cha mkate, akala, akachovya tena, mpaka ganda likabaki tupu. Lindsay alisimama miguuni mwa kitanda akiangalia kila tonge.

"Chumvi ilikuwa kidogo," akasema Tegan.

"Nitaandika."

Yale makopo mia tatu na tisini niliyasambaza mimi kwa siku tatu, kila mtu akapewa ya jina lake. Dodger Pike aliyapokea kumi na tano yake kati ya matairi, akasema siku hizi anakula karoti, daktari amemlazimisha, Lindsay ajulishwe. Snow Quilty alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mkewe alisoma ile karatasi ya kitunguu mlangoni, akayachukua yote, akayapeleka kwenye friza yake. Pieter alikuwa amesharudi Uholanzi, kwa hiyo yake tulikula sisi, na hatukumcheka.

Friza yenyewe iko pale pale. Fremu ya dirisha nimesharudisha, kwa hiyo haitoki tena. Kitanda cha mtoto tumekirudisha chumbani, ubavuni mwake, na ikawa kwamba Wren halali bila ule mngurumo. Lindsay huja kila Jumatatu, na kitunguu kimoja mfukoni. Mbele yake ana kopo moja tu, la robo lita, na hupika asubuhi nzima kulijaza.

Ukiifunua friza sasa ni nyeupe tupu mpaka chini. Pembeni kabisa kuna makopo saba yenye jina la Tegan, na kando yake kichupa cha maziwa aliyoyakamua yeye mwenyewe, hata vijiko vinne havijai. Juu yake kuna karatasi ya herufi kubwa: Wren. Zamu ya kwanza. Bila karoti.